Kutegesha Transista: Istilahi na Uthabiti wa Kikuzasauti

Fundi redio wa Shinyanga au wa machimbo ya dhahabu ya Geita anapotengeneza kikuzasauti, yaani amplifaya, hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni la kifizikia: ni nini kinachoiwezesha transista kutoa sauti safi tangu asubuhi yenye ubaridi hadi adhuhuri, bati la paa linapowaka? La pili ni la kiistilahi: utaratibu huo uitweje kwa Kiswahili?

Transista hukuza ishara vyema ikiwa imekwisha kupewa mkondo wa kudumu kabla ishara haijafika. Mkondo huo ukikosekana, sehemu ya wimbi hukatwa na sauti hukwaruza. Ukizidi, wimbi hukatwa upande wa pili. Adui mkubwa ni joto. Volteji inayohitajika kati ya besi na emita ya transista ya silikoni, takriban volti 0.65, hupungua kwa milivolti 2 hivi kwa kila digrii 1 ya Selsiasi.

Tuseme vikinza viwili vinagawa volti 12 za betri na kuipa besi volti 2.15. Emita hubaki na volti 1.5, na kikinza chake cha kiloomu 1 hupitisha miliampia 1.5. Jotoridi likipanda kwa digrii 20, mkondo hufikia miliampia 1.54 tu. Kikinza hicho kisipokuwapo, na volteji ya besi ikashikiliwa palepale, mkondo utaongezeka mara kadhaa. Siri ni kwamba mkondo unapopanda, volteji ya emita nayo hupanda, na msukumo ulioongeza mkondo hupungua.

Neno la Kiingereza la utaratibu huu, likifasiriwa sisisi, huzaa “upendeleo”, neno lisilomwambia fundi lolote. Kiswahili kina kitenzi kifaacho zaidi: kutegesha. Mtego hutegeshwa kabla mnyama hajapita. Saa hutegeshwa usiku ili ilie alfajiri. Vivyo hivyo transista hutegeshwa ili ishara iikute tayari.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilidhihirisha kwamba fizikia inaweza kuundiwa istilahi za Kiswahili. Hata hivyo, masomo ya sayansi katika sekondari za Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali karakana huzungumza Kiswahili. Istilahi iliyo wazi, kama utegeshaji, humwezesha mwanagenzi kuelewa sababu ya kikinza kuwapo, badala ya kukariri mahali pa kukichomea.