Kuonja Bia za Viwanda Vidogo na Kuzipa Alama

Bia huonjwa kwanza kwa pua. Sehemu kubwa ya kile ambacho mnywaji hukiita ladha ni harufu inayopanda puani kwa nyuma ya koo wakati kinywaji kikiwa mdomoni. Ulimi wenyewe hutambua mambo machache tu, kama utamu, uchungu, uchachu na chumvi. Mtu mwenye mafua akipewa bia nzuri kuliko zote atasikia ubaridi wake na uchungu wake, basi. Kwa hiyo anayetaka kujifunza kuonja aanze kwa kunusa, tena anuse mapema, kwani harufu nyingine hutoweka muda mfupi baada ya bia kumiminwa.

Uonjaji wa utaratibu ulistawi hasa Marekani, sambamba na viwanda vidogo vyenyewe. Katika miaka ya 1970 soko la nchi hiyo lilikuwa mikononi mwa kampuni chache kubwa zilizouza laga nyepesi zinazofanana. Mwaka 1976 Jack McAuliffe alianzisha kiwanda cha New Albion huko Sonoma, California. Hakikudumu, lakini kilionyesha njia. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyofungua mlango kwa watu kujitengenezea bia nyumbani bila kulipa kodi, na mwaka 1980 kiwanda cha Sierra Nevada kikaanza kazi mjini Chico. Pale Ale yake ilitiwa hopsi za Cascade, aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972. Hopsi ni maua ya mmea utambaao ambayo huipa bia uchungu na manukato, na hizi za Cascade hunukia balungi na msonobari. Watu waliozoea bia isiyo na harufu ya kutajwa sasa walihitaji maneno ya kusemea kilichokuwa ndani ya glasi.

Maneno yalitoka pande mbili. Mwaka 1977 mwandishi Mwingereza Michael Jackson, ambaye si yule mwimbaji, alitoa kitabu cha The World Guide to Beer na kuzipanga bia za dunia kwa aina zake na mahali zinakotoka. Mwanasayansi Morten Meilgaard naye alichora gurudumu la ladha, lenye istilahi zaidi ya 100, ili waonjaji wa viwandani wakubaliane neno moja kwa harufu moja.

Mpangilio huo wa aina ndio msingi wa utoaji alama hadi leo, na una haki kubwa ndani yake. Harufu ya ndizi mbivu katika bia ya ngano ya Bavaria ni sifa, kwa kuwa hamira yake huchaguliwa kwa ajili hiyo. Harufu hiyohiyo ndani ya pilsna ni kasoro, na mara nyingi huonyesha kwamba bia ilichachuka katika joto lililozidi. Uchachu unaoharibu laga ndio roho ya lambiki ya Ubelgiji, inayoachwa ichachuliwe na hamira na bakteria wa mazingira yake, hata ikanuka jasho la farasi bila mtu kulalamika. Jaji huanza kwa kuuliza bia hii ilikusudiwa kuwa nini. Asiyeuliza hivyo ataipunguzia stauti alama kwa sababu ni nyeusi.

Mashindanoni jaji haoni chapa. Huletewa glasi yenye namba tu. Glasi iwe safi, isiwe na mafuta wala sabuni, kwani mafuta huua povu. Kiasi kinachomiminwa ni kidogo, kadiri ya mililita 60 hadi 90, na jaji hula mkate mkavu na kunywa maji kati ya bia na bia. Nyepesi hutangulia, zenye uchungu mkali na kilevi kingi hufuata, kwa kuwa ulimi uliokwisha kupigwa na IPA kali, bia yenye hopsi nyingi, hauwezi tena kusikia pilsna. Ubaridi nao una kipimo. Bia iliyokaribia kuganda huficha harufu zake, nzuri na mbaya pia. Stauti nzito hufunguka vizuri ikifika nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi.

Fomu inayotumika sana ni ya Beer Judge Certification Program, mpango ulioanzishwa Marekani mwaka 1985 kufundisha na kutahini majaji. Jumla yake ni alama 50. Ladha hupewa 20, harufu 12, hisia ya kinywaji mdomoni 5, mwonekano 3 tu, na alama 10 zilizobaki ni za picha nzima. Bia iliyopata 45 na zaidi ni ya kiwango cha juu kabisa. Iliyo chini ya 14 ina kasoro kubwa. Hata hivyo, kilicho na thamani zaidi kwenye fomu hiyo ni maelezo yaliyoandikwa kando ya namba, kwa kuwa ndiyo yanayomwambia mtengenezaji arekebishe nini.

Na kasoro husema mengi. Harufu ya siagi iliyoyeyuka huashiria bia iliyotenganishwa na hamira mapema mno, au mabomba ya baa yasiyosafishwa. Katika baadhi ya eli za Uingereza kiasi kidogo chake huvumiliwa. Harufu ya mahindi ya kuchemsha au kabichi hutokana na kimea chepesi, yaani nafaka iliyooteshwa, ambacho maji yake hayakuchemshwa vya kutosha. Tufaa bichi ni dalili ya haraka: bia imetolewa kabla hamira haijamaliza kazi. Boksi lililoloa maji ni hewa ya oksijeni na umri. Uvundo kama wa kicheche huletwa na mwanga unaovunja viambata vya hopsi, ndiyo maana chupa ya kahawia huilinda bia kuliko ya kijani au nyeupe. Mwonjaji anayezitambua hizi tano anaweza kumsaidia mtengenezaji kwelikweli.

Wanywaji wa kawaida nao hutoa alama, hasa kupitia programu ya simu ya Untappd, iliyoanza mwaka 2010 na inayotumia kipimo cha hadi 5. Alama hizo ni kura za kupenda, na zina upendeleo unaojulikana: stauti nzito zenye kilevi kingi na IPA zilizojaa hopsi hukaa juu ya orodha, huku laga iliyotengenezwa kwa ustadi ikibaki katikati. Huo ni uonevu kwa aina iliyo ngumu kutengeneza, kwani laga haina pa kuficha kosa. Mwenye kusoma alama hizi alinganishe laga na laga, kisha atazame tarehe ya kutengenezwa. IPA hupoteza manukato ya hopsi ndani ya miezi michache, ilhali stauti nzito huweza kuhifadhiwa kwa miaka. Chupa ya Pliny the Elder, IPA maarufu ya kiwanda cha Russian River cha California, humsihi mnunuzi kwa maandishi aiweke baridi na ainywe ikiwa mpya. Alama ya chini iliyotolewa kwa chupa iliyokaa nusu mwaka kwenye rafu yenye joto inalihukumu duka lililoiuza.