Kwa nini moto mkali hunguruma?

Mshumaa unaowaka mahali pasipo na upepo hausikiki. Lakini jiko la mafuta ya taa la kupampu huvuma mpaka nje, na nyasi kavu zikishika moto wakati wa upepo, ngurumo husikika mbali. Tofauti iko wapi? Tueleze.

Hewa ikipata joto la moto hutanuka mara kadhaa. Kwenye mshumaa uliotulia, inatanuka kwa kiasi kilekile muda wote, hivyo hewa ya jirani haitikiswi. Kwenye moto mkali, hewa na mvuke wa mafuta huchanganyika kwa vurugu. Ndimi za moto hukatika na kuungana tena. Huku panalipuka, kule panafifia, mara nyingi katika sekunde moja. Kila badiliko huisukuma hewa, na misukumo hiyo ndiyo sauti tunayoisikia. Kwa kuwa haina mpangilio, tunasikia ngurumo, si mlio mmoja kama wa filimbi.

Tunaotumia gesi tukumbuke: washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue gesi. Gesi ikitangulia hujikusanya, kisha huwaka yote kwa mpigo. Mlio wake ni "puu!", na unaweza kukuunguza.

Ukisikia mtungi unatoa "sss" na hakuna moto, gesi inavuja. Usiwashe kiberiti wala kugusa swichi. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toeni watoto nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini sakafuni. Ipeni muda itoke.