Neno « Amina »

Katika makanisa yetu ya Butembo na Beni watu wanaitika « Amina » katika kila sala, na wengi wanafikiri maana yake ni « tumemaliza ». Sivyo.

Neno ni la Kiebrania, amen. Shina lake laonyesha kitu kilicho imara, ambacho mtu aweza kukiegemea. Wagriki na Walatini walilipokea bila kuligeuza. Wafaransa walizoea zamani kuitika « Ainsi soit-il », yaani « na iwe hivyo ». Lakini hayo ni matakwa tu, na Amina inapita matakwa. Kiarabu kina shina lilo hilo, na toka huko Kiswahili kimepata amini, imani, amana, hata amani ile wanayoiomba watu wa Beni toka mauaji ya mwaka 2014. Katekista asitafute mfano mbali: awaulize watoto kwa nini amini na amina zinafanana.

Jambo hili lina uzito hasa kwa Komunyo. Mbele ya mwaka 1964 padri mwenyewe alisema Amen akikomunisha. Toka mwaka ule anasema « Mwili wa Kristu », na mkristu ndiye anayejibu. Mtakatifu Augustino aliwaeleza wabatizwa wapya kwamba wanaitikia kile walicho wenyewe, kwa maana wao ni Mwili wa Kristu. Basi sisi twaona ni vibaya kumpa mtu Hostia, kwa haraka ya mstari mrefu, kabla hajajibu.