Laptopu ya Laela Isifike Mbeya

Mvua zikianza Novemba hapa Ufipa, radi ndiyo inayotuletea kazi. Ikipiga karibu na laini ya umeme hupita kwenye nyaya na kuunguza pawasaplai, ruta na swichi za ofisi nzima kwa mpigo mmoja. Asubuhi yake simu zinalia mfululizo: shule ya Laela, steshenari ya Matai, zahanati iliyo njia ya Namanyere. Kila mmoja anamtaka fundi leo hii, na fundi ana pikipiki moja.

Mimi kazi yangu ni programu, printa na kuokoa mafaili yaliyopotea. Bodi iliyoungua ni kazi nyingine kabisa; inataka darubini, mashine ya hewa moto na mkono uliozoea. Kuvuta nyaya za mtandao juu ya dari nako kunataka watu watatu. Hakuna fundi wa Sumbawanga anayeyaweza yote hayo peke yake, ila wengi wetu huona aibu kulisema mbele ya mteja. Anaambiwa kifaa hakipatikani, naye anaifungasha laptopu yake na kuipandisha basi la Mbeya. Kutoka hapa mpaka Tunduma tu ni zaidi ya kilomita 200, na Mbeya iko mbele zaidi. Mashine ikishafika huko, hela imeondoka mjini kwetu, na mara inayofuata mteja hasumbuki hata kutuuliza. Ndiyo maana nasema mshindani wetu ni lile basi. Kijana mwenye kibanda ng'ambo ya soko ni mtu wa kufanya naye kazi.

Nina wenzangu wachache ninaopokezana nao kazi. Mmoja ana hiyo mashine ya hewa moto, kwa hiyo bodi zote zinakwenda kwake. Mwingine anafunga kamera na kuvuta nyaya. Yupo dada mmoja ambaye mashine za fotokopi anazijua hadi skrubu ya mwisho, na shule zikikaribia mitihani hakuna anayetafutwa kama yeye. Vioo na kibodi tunaagiza pamoja kutoka Kariakoo, mzigo mmoja, nauli tunachangia.

Kinachotuweka pamoja ni daftari. Mteja ni wa aliyempokea: huyo ndiye anayemtajia bei, anayepokea hela, anayetoa risiti, na kazi ikirudi ndiye anayeulizwa. Mwenzake analipwa alichokitaja kabla hajashika bisibisi, na habandiki namba yake ya simu kwenye mashine ya mtu. Tunaandika tarehe, namba ya mashine, ubovu wake, kiasi cha RAM iliyomo, na kama imekuja na chaja. Msomaji asishangae chaja kuandikwa. Ugomvi wa mafundi huanzia hapo hasa. Tulikuwa na mwenzetu aliyepelekewa laptopu ikarudi imepungua RAM. Tuliketi naye, akalipa, na tangu siku hiyo hatumpelekei kazi.

Kuna jambo nalitilia mkazo kuliko hela. Ndani ya laptopu mna matokeo ya wanafunzi, majina ya wagonjwa, picha za familia. Mteja ameniamini mimi. Hakumwamini mtu asiyemjua. Kwa hiyo namwomba ruhusa kwanza, na kama ubovu ni wa bodi, natoa diski na kubaki nayo, mashine inakwenda tupu. Tangu Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, na fundi mdogo asidhani iliandikwa kwa ajili ya benki peke yake.

Wapo waliotushauri tupange bei moja mji mzima. Tumekataa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inawakataza washindani kukubaliana bei, na mimi naona ni haki. Mwalimu wa Kizwite abaki na nafasi ya kulinganisha kwangu na kwa jirani. Tunachoshirikiana ni ujuzi, vifaa na usafiri.

Wenzangu vijana wa Namanyere na Matai, msingoje mpate chama kikubwa. Anzeni wawili na daftari moja. Mkizoeana, andikisheni kikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, bila riba, na mashine ya hewa moto inaweza kununuliwa kwa mkopo huo.

Na wewe mteja, fundi akikwambia kazi hii anaipeleka kwa mwenzake, usimwone mbabaishaji. Muulize inakwenda kwa nani, diski yako itabaki wapi, na nani atakuhudumia ikiharibika tena. Akikujibu yote matatu, mwachie mashine.