Boriti, Mkaa na Mwani

Fundi wa mashua wa Bagamoyo haagizi mti wowote tu wa matopeni, kwenye misitu ya mikoko. Mataruma, yaani mbavu za mashua, huyatafuta kwenye mlilana. Boriti na fito za nyumba hutoka kwenye mkoko na mkandaa. Miti hiyohiyo ilisafirishwa kwa majahazi, hasa kutoka Rufiji na Lamu, hadi Uarabuni, kwa sababu kule miti ya kujengea ilikuwa adimu.

Oman ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1967. Fedha zikaleta saruji na nondo, na boriti ya mkoko ikakosa soko. Utajiri wa mnunuzi uliinusuru mikoko kuliko walinzi wa misitu, ingawa tangu enzi za Mjerumani ilikwisha kutangazwa hifadhi.

Lakini utajiri huohuo una upande wa pili. Leo nchi za Ghuba kama Qatar na Kuwait ni miongoni mwa zinazotoa hewa ukaa nyingi zaidi duniani kwa kila mkazi, na bahari inazidi kupata joto. Kijijini Mlingotini, kusini mwa mji wa Bagamoyo, wanaoonja matokeo ni akina mama wa mwani. Aina ya kotonii, yenye bei nzuri, haivumilii maji ya moto: huugua, ikakatika kwenye kamba. Inayostahimili zaidi ni spinosamu, ambayo bei yake ni ya chini. Bei yenyewe hupangwa na wanunuzi wa ng'ambo, wanaotengeneza utomvu unaotiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Mama akiona kilo hazilipi, ataacha kamba aende kutafuta kuni.

Kuni na mkaa navyo vina mteja wake mkubwa jirani tu: Dar es Salaam, yenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022. Si kwamba wakazi wake hawajui gesi. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kulingana na kilichopatikana siku hiyo. Mtungi wa gesi, hata ule mdogo wa kilo 6, unataka fedha zote kwa mkupuo. Kibarua anayelipwa kwa siku atazitoa wapi?

Mkakati wa taifa uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na mitungi ya ruzuku imekwisha kuuzwa vijijini. Ngoma iko kwenye kuujaza mtungi mara ya pili, pale mnunuzi anapolipa bei kamili.