Paka Aliyewahi Kuugua na Nyumba Mpya

Katika mji wa Moshi na kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya Kibosho, Machame na Marangu, paka hufugwa kwanza kwa ajili ya panya wanaoshambulia mahindi yaliyohifadhiwa, na kwa sababu hiyo paka aliyeokotwa sokoni akiwa na macho yaliyojaa tongotongo na mbavu zinazohesabika huonekana kuwa mzigo usio na faida. Hata hivyo wapo wanaowaokota paka wa namna hiyo, wakawatibu na kuwatafutia walezi, na anayekusudia kumpokea mmoja wao hana budi kuuliza zaidi ya kama amepona: aulize kama ugonjwa aliougua ni wa kwisha au ni wa kujificha.

Mfano ulio wazi ni mafua ya paka, ambayo mara nyingi husababishwa na virusi vya jamii ya hepesi visivyomwambukiza binadamu. Paka anapopata nafuu, virusi hivyo havimtoki, bali hujibanza katika neva za uso maisha yake yote na kuamka anapopatwa na msukosuko, ukiwamo huo wa kuhamishwa. Ndiyo maana paka aliyekabidhiwa akiwa mzima huweza kuanza kupiga chafya baada ya wiki moja hivi, na mlezi asiyeelezwa akadhani ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Katika siku hizo za mwanzo anahitaji chumba kimoja tulivu, boksi lenye blanketi kuukuu, hasa katika baridi ya Juni na Julai huko juu mlimani, na dagaa waliochemshwa bila chumvi anaopewa wangali vuguvugu, kwa kuwa paka aliyezibwa pua hasikii harufu, na asiposikia harufu hali. Hili si jambo dogo: paka asiyekula kwa siku mbili au tatu huweza kuharibika ini.

Hali ni nyingine kwa upungufu wa kinga wa paka, unaoletwa na virusi vilivyogunduliwa California mwaka 1986, ambavyo vina undugu na VVU lakini havimpati mtu. Huenezwa hasa kwa majeraha ya meno, hivyo waathirika wakubwa ni paka shume wanaopigana usiku. Paka mwenye virusi hivyo anaweza kuishi miaka mingi akihasiwa na kufugwa ndani. Kwa hiyo familia inayotafuta mwindaji wa kuzurura kihambani usiku kucha ingefaa isimchukue, hata kama inamwonea huruma.

Pengine hatari kubwa kuliko ugonjwa wa zamani imo katika dawa za nyumbani. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli ipasavyo, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Vivyo hivyo, dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, ambazo hazikosekani kwenye nyumba zenye ng'ombe wa ndani, zina pairethroidi, yaani sumu zilizotengenezwa kwa kuigiza ile ya ua la pareto, ambazo ng'ombe huzistahimili lakini paka humletea mitetemeko na degedege. Viroboto wa paka watafutiwe dawa kwa daktari wa mifugo, ambaye pia atakagua kadi ya chanjo, hususan ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao licha ya jina lake huwapata paka na huua binadamu.

Kwa nyumba yenye mjamzito, suala ni toksoplazma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mayai yake yanayotoka na kinyesi cha paka huhitaji angalau siku moja kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo maranda au mchanga anamojisaidia ukitolewa kila siku, hatari hupungua sana, mradi kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine wa nyumbani.