Herufi iliyopotea kwenye chemshabongo

Tangu nistaafu, mwezi wa Desemba nyumbani kwetu Ramisi huwa na mambo matatu: chemshabongo asubuhi, matembezi jioni, na wageni wakati wowote. Sikukuu zetu sisi ni za Idi, lakini shule zikishafungwa na ofisi za Nairobi na Mombasa zikinyamaza, wana na wajukuu hufunga safari. Wanavuka Likoni, wanapita Diani na Msambweni, na ikifika adhuhuri ukumbi umejaa mikoba na viatu, na jikoni wali wa nazi umeshafunikwa.

Msimu huu mambo hayo matatu yalikutana katika neno moja, na neno lenyewe ni la kawaida mno: mguu.

Ilikuwa asubuhi. Mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa ameninyang'anya gazeti na kalamu. Kidokezo cha mlalo kilisema: "Kiungo cha kutembelea." Visanduku vinne. Akaandika M, akaandika G, akaandika U, kisha akanitazama kama mtu aliyepunjwa dukani.

"Babu, gazeti limekosea. Kisanduku kimoja kimebaki."

"Halijakosea. Ni mguu. Una u mbili."

"Kwa nini mbili?"

Msomaji, nimefundisha isimu ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30. Hebu sikiliza jibu nililompa mtoto: "Ndivyo unavyoandikwa." Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angeniandikia jibu hilo kwenye mtihani, ningempa sifuri na kumwita ofisini.

Chemshabongo yenyewe, kwa kweli, ni mtoto wa Desemba. Fumbo la kwanza la namna hii lilichapishwa tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World. Mtunzi wake alikuwa Arthur Wynne, mwanahabari mzaliwa wa Liverpool, na alilichora kwa umbo la almasi ili wasomaji wapate cha kujishughulisha nacho siku za Krismasi. Lilipofika kwetu, Kiswahili kililipokea vizuri. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Mtunzi anayetafuta mahali pa kupitisha neno la wima juu ya lile la mlalo hakosi a au i ya kukanyagia. Mtego uko kwenye irabu pacha: njaa, juu, kaa, jogoo, mguu. Hapo ndipo watoto huacha kisanduku kitupu, na watu wazima pia, maana katika mazungumzo ya haraka wengi wetu tunasema "mgu" na maisha yanaendelea.

Jioni tukatoka. Njia tuipendayo inaanza penye mikorosho, inafuata ukingo wa mashamba ya miwa, kisha inateremka kuelekea Mto Ramisi, ambao unaendelea hadi kwenye mikoko ya Ghuba ya Funzi. Desemba ni msimu wa maembe, kwa hiyo mwendo wa nusu saa huchukua saa nzima. Kila mwembe una kesi yake. Huko chini anaishi shangazi yangu, dada wa mwisho wa marehemu baba aliyebaki hai. Hajui kusoma. Hakuna safari ya Desemba isiyopitia kwake.

Kabla hatujafika, yule mjukuu akakanyaga mwiba. Akaingia uani kwa shangazi akichechemea, akamwamkia shikamoo huku machozi yakimlengalenga. Bibi mkubwa akaitikia marahaba, akavuta mkeka, akasema: "Lete hilo gulu nilione."

Watoto wakaangua kicheko. "Eti gulu! Babu, Bibi amesema gulu!"

Nami nikasimama pale uani nikiona kile kisanduku kitupu cha asubuhi. Jibu nililoshindwa kulitoa lilikuwa limetoka kinywani mwa shangazi bila jasho. Gulu ni Chidigo cha mguu. Katikati ya zile u mbili kuna l.

Hapa naomba nirudi ubaoni kidogo. Chidigo, au Kidigo kama tunavyokiita kwa Kiswahili, ni mojawapo ya lugha za Wamijikenda. Wanaisimu wanaziweka lugha hizo pamoja na Kiswahili, Kipokomo, Kielwana na lugha za Visiwa vya Ngazija katika kundi moja linaloitwa Sabaki, kwa jina la mto. Hii ina maana kwamba Chidigo na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja. Ndugu wakigawana urithi, mmoja huweka kile ambacho mwingine amekipoteza. Kiswahili kilipoteza l katika maneno mengi ilipokuwa kati ya irabu mbili, hasa mwishoni mwa neno. Chidigo kiliitunza, mahali pengine ikisikika kama r.

Basi nikawapa watoto mchezo wa njiani. Kila neno la Kiswahili nililolitaja, shangazi alilitaja kwa Chidigo, nao wakatafuta herufi iliyopotea. Njaa: ndzala. Juu: dzulu. Makaa: makala. Mvua: mvula. Njia: njira. Walipofika neno la tano hawakucheka tena. Walikuwa wanakimbizana nani aione kwanza. Mmoja akagundua mwenyewe jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa: irabu zilizozunguka l zikiwa sawa, tunapata pacha, kama njaa na juu, zikiwa tofauti, zinakaa tu jirani, kama mvua na njia. Ile u ya pili ya mguu, kumbe, ni irabu ya silabi kamili. Aliyekuwa jirani yake amehama na nyumba imebaki.

Msidhani hii ni siri ya Kwale peke yake. Mnyarwanda huita njaa inzara na mvua imvura. Mganda husema enjala. Kwa Kilingala, kule Kongo, ni nzala na mbula, na ukishuka hadi kwa Wazulu utakuta indlala na imvula. Lugha hizi zimetengana kwa umbali wa maelfu ya kilomita, lakini zote zina konsonanti pale ambapo Kiswahili kina pengo. Ni vigumu kuamini kwamba zote ziliongeza sauti ileile mahali palepale kwa bahati. Ni rahisi zaidi kuamini kwamba sauti ilikuwepo tangu zamani, na sisi ndio tulioiacha. Wala hatukuiacha peke yetu: jirani zetu Wakamba, wengi wao wakiwa walowezi wa Shimba Hills, nao husema nzaa na mbua.

Kijana mmoja wa ukoo, mwanafunzi wa chuo, alikuwa akitusikiliza huku akimenya embe. Akauliza swali zuri: kama l ilikufa, mbona tunasema kuzaliwa? Zaa haina l, zaliwa inayo. Kaa, kaliwa. Vaa, valia. Nunua, nunuliwa. Pokea, pokelewa.

Nikamwambia hilo ndilo jambo linalonifurahisha zaidi katika habari hii yote. L haikufa, ilikwenda mjini. Neno likiwa peke yake, haionekani. Likiongezewa kiambishi cha kutendea au cha kutendwa, inajitokeza na kuketi mahali pake pa zamani kana kwamba haijawahi kuondoka. Mdigo husema kuvyala pale tunaposema kuzaa, na l yake iko wazi mwaka mzima. Yetu hurudi kwa mwaliko tu. Hata Wakristo wanapoimba kuhusu kuzaliwa kwa Yesu, wanaitamka bila kujua kwamba wamekaribisha mgeni wa zamani.

Lakini mtaalamu asiwe mwepesi wa kufurahi. Yule kijana hakuniachia. "Na sahau, Baba Mkubwa? Hilo ni la Kiarabu, lakini watu husema sahauliwa." Ni kweli, na ndiyo maana l ya zaliwa peke yake si ushahidi wa kutosha. Wazungumzaji walipozoea kuona l ikijitokeza kila kitenzi cha namna hiyo kinaponyambuliwa, waliifanya kanuni, wakawavika hata wageni ambao hawakuwa nayo. Kwa hiyo ukitaka kujua kama l ya neno fulani ni ya asili au ni ya kuazimwa, huna budi kuuliza ndugu zake. Zaa ina shahidi, kuvyala. Sahau haina.

Vivyo hivyo, si kila irabu pacha ilipoteza l. Saa na jamaa ni maneno ya Kiarabu. Kilichoanguka hapo ni ile sauti ya kooni iitwayo ain, ambayo ndimi zetu nyingi haziitamki. Pengo ni lilelile kwa macho, lakini aliyehama ni mtu mwingine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo si la ubaoni.

Wanangu niliwalea mjini. Nikiwa mhadhiri kijana niliyejaa Kiswahili sanifu, nilipiga marufuku Chidigo mezani. Niliamini kwamba mtoto akisema njira nyumbani, ataandika njira shuleni, na mwalimu atamchora mstari mwekundu. Nami nilikuwa na sababu: mistari hiyo nilichorwa mwenyewe nilipokuwa mdogo, na mingine ilichorwa mgongoni. Matokeo ni kwamba wanangu wanaelewa Chidigo nusunusu, na wajukuu hawaelewi kabisa. Nilijisifu kwamba nimewapa Kiswahili safi. Kumbe niliwapa majibu ya chemshabongo nikawanyima vidokezo.

Kosa langu la kitaaluma lilikuwa kudhani kwamba lugha sanifu inahitaji ulinzi dhidi ya lugha za nyumbani. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, ulichagua namna moja ya kuandika na kufundisha. Haukusema kwamba Kimvita, Chifundi cha Funzi, Kivumba cha Wasini na Vanga, au Chidigo ni makosa. Sisi walimu ndio tulioongeza hilo. Na hapa Ramisi ni ajabu zaidi kusahau, maana mahali hapa pamejengwa kwa ndimi nyingi. Kiwanda cha zamani cha sukari, kilichofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, kilivuta vibarua kutoka kila upande. Miongoni mwao walikuwemo Wamakonde wa asili ya Msumbiji, ambao Oktoba 2016 walianza safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Ikulu ya Nairobi kudai uraia, wakaupata. Watu wa aina hiyo wote walikutana katika Kiswahili, na hakuna aliyehitaji kutupa lugha ya mama yake mlangoni.

Kosa langu la kifamilia ni kubwa kuliko la kitaaluma. Umri unamrudisha shangazi nyuma. Zamani alikuwa akizungumza Kiswahili vizuri na wageni. Sasa sentensi ikianza kwa Kiswahili huishia kwa Chidigo, na siku akichoka huanza kwa Chidigo na kubaki hukohuko. Wajukuu wanakaa mbele yake wakitabasamu, kisha wananigeukia: "Babu, amesema nini?" Mimi ndiye mkalimani kati ya mtu na damu yake. Siku nikikosekana, au akikosekana yeye, hakuna kamusi itakayofungua mazungumzo yale.

Siwezi kufundisha lugha nzima kwa wiki tatu za likizo, na sitawadanganya wasomaji kwamba nimejaribu. Tulichofanya ni kidogo. Kila jioni watoto walikwenda kwa shangazi na daftari, wakarudi na maneno kumi. Usiku tuliyapanga katika visanduku vyetu wenyewe, vidokezo kwa Kiswahili na majibu kwa Chidigo. Kukazuka ubishi mkali kuhusu dz ya dzulu: iwe kisanduku kimoja au viwili? Wakaamua viwili, kwa sababu gazeti huandika ch na sh kwa viwili. Hoja nzuri, profesa hakuwa na la kuongeza. Na mara mbili shangazi alitoa neno ambalo mimi, pamoja na shahada zangu, sikulijua. Alinitazama kwa huruma.

Kwa msomaji ambaye nyumba yake imejaa wageni msimu huu, pendekezo langu ni hili. Chukua maneno haya matano, njaa, mvua, njia, mguu na juu, umuulize mzee wa nyumbani anavyoyasema kwa lugha yake, iwe Kitaita, Kiluhya, Kigikuyu au nyingineyo ya Kibantu. Mtoto ayaandike. Mengine yatafanana na haya ya kwetu, mengine yatakuwa na asili tofauti kabisa, na hilo nalo ni somo. Ila muulizeni yeye mwenyewe, msiulize simu.

Wageni wangu wameshaondoka. Jana nilikuwa nikikusanya magazeti ya wiki zilizopita nikaliona lile la asubuhi ya mguu. Mjukuu alikuwa amelijaza lote. Pale kwenye mlalo ameandika M, G, U, U, kila herufi kisandukuni mwake kama inavyotakiwa. Kisha, juu ya mstari unaotenganisha zile u mbili, amebana kijil kidogo kwa kalamu ya risasi.